Maji kwanza, miti pili, msingi mwisho: kuandaa kiwanja chenye miti milimani Upare

Familia nyingi za Upare hufika mahali nyumba ikawa haitoshi. Tangawizi imevunwa na haina pa kukaa, magunia ya maharage yamehamia chumba cha watoto, na moshi wa kuni umeshaharibu dari. Jawabu ni kujenga banda la nje: stoo, jiko, zizi la mbuzi au chumba cha mashine. Sehemu ya wazi tayari ina migomba na kahawa, kwa hiyo kinachobaki ni kile kipande cha nyuma, chenye miti na mteremko.

Makala haya yanahusu kazi inayotangulia msingi. Watu wengi huianza kwa panga: wanafyeka, wanakata, wanachimba, kisha masika yanapoingia ndipo wanajua maji yalikuwa yakipita wapi. Ushauri wetu ni kuugeuza mpangilio huo. Jua kwanza njia ya maji, amua pili miti ipi ibaki, na jembe la msingi lije mwisho.

Kwa nini maji yatangulie

Milima ya Pare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462 na kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, yenye zaidi ya hekta 14,000. Huko juu mvua ni nyingi, udongo ni mwekundu na mzito, na miteremko ni mikali. Miti ndiyo inayoushika udongo huo.

Novemba 2009, wakati wa mvua za vuli, maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua zaidi ya watu 20. Kila anayechimba mteremko katika wilaya hii anapaswa kulikumbuka tukio hilo. Banda dogo peke yake haliangushi mlima, lakini ngema iliyochimbwa wima nyuma ya banda, bila mtaro na bila mizizi juu yake, inatosha kuuangusha udongo juu ya watu waliolala.

Fanya hesabu moja rahisi. Stoo ya mita 3 kwa 6, yenye paa linalotokeza nusu mita kila upande, ina bati la mita za mraba 28. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa siku moja basi inamwaga lita 1,400 kutoka kwenye paa hilo, sawa na mapipa saba ya lita 200. Zamani maji hayo yaliangukia majani na kuzama taratibu. Sasa yatashuka mahali pamoja, kwenye udongo uliotoka kuchimbwa. Usipoyapangia njia, yatajitafutia yenyewe.

Soma kiwanja kabla ya kushika panga

Ukiweza, kitembelee kiwanja wakati mvua inanyesha. Tazama maji yanapoingia, yanapojikusanya na yanapotokea. Waulize wazee wa jirani kama pamewahi kuwa na chemchemi au mfereji, kwa sababu mfereji uliokauka miaka kumi unaweza kurudi mwaka wa mvua nyingi.

Kisha tafuta dalili za udongo unaotembea:

- miti iliyopinda kwenye shina karibu na ardhi, kisha ikanyooka kwenda juu;
- nyufa ndefu zinazokatiza mteremko;
- mahali penye majimaji au matete wakati wa kiangazi;
- ngazi za udongo zilizotokea zenyewe bila mtu kulima matuta.

Ukiona mojawapo, tafuta mahali pengine. Ukiona mbili au zaidi, usijadiliane nazo.

Pima mteremko. Huhitaji chombo cha bei: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, unatosha. Simika fito mbili umbali wa mita 4, moja juu na moja chini. Shikiza ncha za mpira kwenye fito hizo, ngoja maji yatulie, weka alama usawa wa maji kila upande, kisha pima urefu kutoka alama hadi ardhini. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwinamo wako. Ukipata mita 1 ndani ya mita 4, huo ni mwinamo wa moja kwa nne, mkali lakini unajengeka.

Kipimo hiki kinakwambia pia uelekeze banda wapi. Stoo yetu ya mita 3 kwa 6 ikilazwa kwa urefu kukatiza mteremko huo wa moja kwa nne, sakafu itahitaji kuchimbwa sentimita 75 upande wa juu. Ukiigeuza urefu wake ushuke na mteremko, utachimba mita 1 na nusu. Banda ni lile lile, ngema imekuwa mara mbili. Laza urefu wa banda kukatiza mteremko, kama unavyolaza matuta ya shamba.

Mwisho, chimba shimo la majaribio lenye kina cha mita 1 hivi katikati ya mahali unapotaka kujenga. Ona udongo mweusi wa juu unaishia wapi, mizizi inashuka hadi wapi, na kama maji yanajaa chini. Shimo likikaa na maji siku nzima wakati wa kiangazi, hapo si pa kujenga.

Pita ofisini kabla ya kukata

Mti kuwa shambani kwako hakukupi ruhusa ya kuukata vyovyote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inailinda miti ya asili iliyotangazwa kuwa imehifadhiwa, na kuikata kunahitaji kibali hata ukiwa kwenye ardhi yako. Anzia kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira ya kijiji. Wao watakuelekeza kwa maofisa wa maliasili wa Halmashauri ya Wilaya ya Same au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukitaka kusafirisha magogo au mbao kwenda kuuza, utahitaji pia hati ya kusafirishia. Pata majibu kwa maandishi na uitunze karatasi.

Kama shamba linapakana na msitu wa Chome au hifadhi nyingine, tafuta kwanza alama za mpaka. Mkulo, mti wa mbao unaojulikana sana katika msitu huo, umekatwa mno kinyume cha sheria, na walinzi hawatakubali maelezo kwamba ulidhani mti ni wa kwako.

Mambo mengine ya kuthibitisha ni haya:

- Umbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa.
- Umbali na barabara. Kwa wanaoishi kando ya barabara kuu inayopita Hedaru, Makanya na Same, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati.
- Mjini. Ndani ya mji wa Same, hata banda la uani linahitaji kibali cha ujenzi. Muone ofisa mipango miji mapema.
- Umeme. Mti ukiwa karibu na waya, usiuguse. Toa taarifa TANESCO wakate umeme au waupogoe wenyewe.
- Mfereji na ndiva. Upare ina mifereji ya asili na ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe kwenda mashambani, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Udongo wako ukiteleza na kujaza mfereji, umewanyima maji watu wengi walio chini yako. Zungumza na wanaosimamia mfereji kabla ya siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wasije wakautumia kuzoa kifusi chako.
- Misitu ya koo. Uliza wazee kama kipande hicho ni sehemu ya mpungi au mshitu. Misitu hiyo ya matambiko na jando imelinda chemchemi nyingi za Upare. Heshima kwa wazee na kuyalinda maji hapa ni jambo moja.

Amua mti upi ubaki

Chukua kitambaa au rangi, uzunguke kiwanja ukiweka alama za aina tatu.

*Ya kuondoka:* miti iliyosimama ndani ya eneo la banda na mita 1 hadi 2 kulizunguka. Miti iliyokufa, iliyooza shina au inayoinamia mahali pa banda. Na mikaratusi iliyo karibu. Mkaratusi hunywa maji mengi, hudondosha matawi bila taarifa, na majani yake yana mafuta yanayoshika moto haraka. Banda lisiwe karibu nao kuliko urefu wa mti wenyewe.

*Ya kubaki:* miti ya upande wa juu wa mteremko, hasa ya asili kama mruka na mringaringa. Hiyo ndiyo nguzo za ngema yako. Iliyo upande wa chini ibaki pia, kwani inashika ukingo ambako udongo wa kujazia utamwagwa.

*Ya kupogolewa:* migrevilea na miti mingine yenye matawi yanayoning'inia mahali paa litakapokuwa. Majani yakijaa kwenye mfereji wa bati, maji ya kuvuna hayafiki kwenye tangi na mbao za paa huoza.

Sababu ya kuwa wachoyo wa kukata ni hii. Mti ukikatwa leo, mizizi yake haiachii udongo leo. Huendelea kuushika kwa muda, kisha huoza kidogo kidogo, na udongo huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baadaye, wakati mizizi ya zamani imekwisha na ya miti mipya haijakomaa. Ndiyo maana mtu hukata miti, akapita masika mawili salama, akadhani amefaulu, na ngema ikamwangukia mwaka wa tano.

Mti unaobaki nao una haki zake. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha iko ndani ya sentimita 60 za juu, ikienea hadi chini ya ncha za matawi na zaidi. Usichimbe ndani ya kivuli hicho, usirundike udongo kwenye shina, usichanganyie saruji hapo wala usiegeshe lori la mawe. Zungushia fito na kamba ya katani, ili kibarua aliyeingia leo ajue mpaka bila kuuliza.

Kuangusha mti bila kuangusha mtu

Kazi ya mti mkubwa mpe fundi wa msumeno mwenye uzoefu, na usimamie usalama mwenyewe. Pima urefu wa mti hivi: shika fimbo wima yenye urefu sawa na mkono wako ulionyooka, tembea kukatiza mteremko ukiondoka kwenye mti hadi fimbo ifunike mti kutoka shina hadi kilele. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina unakaribiana na urefu wa mti. Zidisha mara mbili. Ndani ya duara la umbali huo kutoka kwenye shina asibaki mtu, mbuzi wala mtoto, isipokuwa mkataji. Kwenye mteremko, mtu yeyote asisimame upande wa chini, maana gogo likilala huendelea kuviringika.

Kabla ya mkato wa kwanza, tazama juu: matawi makavu, mizinga ya nyuki, mizabibu ya porini inayoufunga mti huu na jirani yake. Safisha njia mbili za kukimbilia, kwa mshazari kuelekea nyuma ya upande mti unakoangukia. Mkato wa kuelekeza hufanywa upande wa kuangukia, ukiingia robo hadi theluthi moja ya unene wa shina. Mkato wa nyuma unakuja juu kidogo ya usawa wa huo wa mbele, na usikutane nao: ubakizwe ukanda wa mti usiokatwa, wa sehemu moja ya kumi ya unene, ambao hufanya kazi ya bawaba na kuuongoza mti unavyolala. Mkataji anayekata moja kwa moja hadi upande wa pili amepoteza usukani. Mti ukinasa kwenye mwingine, usipite chini yake na usikate ule ulioubeba; uvute kwa kamba ukiwa mbali.

Taka za matawi zisichomwe tu kwa sababu zipo. Uchomaji wa mimea unadhibitiwa na Sheria ya Misitu, na moto wa kiangazi milimani huanzia kwenye rundo kama hilo. Matawi manene ni kuni. Membamba yalaze kukatiza mteremko, yashikwe na vigingi, nayo yatazuia udongo usitembee.

Visiki: vipi ving'olewe, vipi viachwe

Kisiki kilicho ndani ya eneo la banda lazima kitoke chote. Kikizikwa chini ya jamvi kitaoza, kitaacha uwazi, sakafu itapasuka, na mchwa watapata njia kutoka kwenye kisiki hadi kwenye kenchi. Mti unaokusudia kuung'oa kisiki usiukate chini kabisa: bakiza shina la mita 1 hivi, lifungwe kamba na kutumika kama mpini wa kuvutia. Chimba kuuzunguka kwa sururu, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha vuta. Shimo lijazwe kwa udongo safi usio na mizizi, tabaka la sentimita 15, lishindiliwe, ndipo tabaka jingine. Kujaza lote kwa siku moja na kulikanyaga kwa miguu hakutoshi.

Kisiki kilicho nje ya banda, juu ya mteremko, kiache ardhini. Kikatwe chini, na mti mpya upandwe pembeni yake mwaka uleule. Mruka na mkaratusi huweza kuchipua tena kutoka kwenye kisiki. Misindano, ambayo wengine huiita paina, haichipui, kwa hiyo hapo mche mpya ni wa lazima.

Vichuguu navyo vichimbwe hadi malkia apatikane, na shimo litiwe dawa ya mchwa kwa maelekezo ya ofisa kilimo. Kukisawazisha kichuguu kwa juu ni kukificha tu.

Kuchimba na kusawazisha

Parua udongo mweusi wa juu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20, uurundike pembeni. Huo ni chakula cha bustani, na haubebi jengo. Chini yake ndipo kazi inapoanza.

Banda likae lote kwenye udongo wa asili uliochimbwa. Kosa linalorudiwa sana ni kuchimba nusu na kujazia nusu: upande wa juu unakaa juu ya ardhi ngumu, wa chini juu ya kifusi, na ufa unatokea katikati kabla ya mwaka kuisha. Kama ni lazima kujazia, msingi wa upande huo ushuke hadi uikute ardhi ya asili. Kwa banda dogo, kina cha sentimita 60 ndani ya udongo mgumu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ngema isichongwe wima kama ukuta. Ilaze nyuma, na kati yake na ukuta wa banda iache nafasi isiyopungua mita 1 ya kupita mtu na mtaro. Ngema ya hadi mita 1 hushikwa vizuri na majani kama guatemala au vetiva yaliyopandwa kwa mistari. Ikizidi hapo, jenga ukuta wa mawe ulioinamia mlimani, wenye matundu ya kutolea maji kila mita moja au mbili. Ukuta usio na matundu husukumwa na maji yaliyojaa nyuma yake hadi uanguke. Ikizidi mita 1 na nusu, mwite mhandisi.

Mtaro wa kukinga uchimbwe juu ya ngema kabla ya msingi, ukiwa na mwinamo mdogo, na uishie mahali penye mawe au majani mengi. Usiuelekeze kwa jirani.

Sasa piga kamba. Kona ya mraba hupatikana kwa kupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mita 5 kati ya ncha mbili. Kwa stoo ya mita 3 kwa 6, kagua kwa kupima kona hadi kona: vipimo vyote viwili viwe mita 6 na sentimita 71. Vikitofautiana, rekebisha vigingi sasa, wakati kosa ni la kamba tu.

Walio tambarare

Chini ya milima, kuanzia Same mjini hadi Kisiwani, mambo hubadilika. Mvua ni chache kwa kuwa milima inaikinga, miti ni migunga na vichaka, na kila mti wenye kivuli ni mali. Huku usalama wa ngema si hoja kubwa; hoja ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka, mafuriko ya ghafla kwenye makorongo makavu, na moto wa nyasi. Epuka korongo hata kama halijapitisha maji miaka mingi. Ondoa nyasi kavu mita kadhaa kuzunguka banda, lakini acha mgunga wa upande wa magharibi ukupe kivuli jua la alasiri linapochoma. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kumbuka pia kwamba stoo ya mahindi huwaita tembo: ijenge karibu na nyumba, mbali na njia wanazozizoea.

Kalenda ya kazi

- Machi hadi Mei, masika: tembelea kiwanja kwenye mvua, chora njia za maji, panda miche ya miti itakayochukua nafasi ya ile utakayokata. Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, iko ndani ya kipindi hiki.
- Juni: vibali, alama kwenye miti, shimo la majaribio.
- Julai na Agosti: kuangusha miti, kung'oa visiki, kuchimba mtaro wa kukinga na ngema.
- Septemba: msingi, kuta na paa.
- Kabla ya Oktoba kuisha: majani yawe yameota kwenye ngema, mfereji wa bati umefungwa, tangi limewekwa. Vuli isikukute na udongo mtupu.

Kama leo ni Agosti na hujafanya lolote, usikimbizane na mvua. Fungia mazao kwa jirani msimu huu, ukitazame kiwanja vuli na masika, na uanze Juni. Mwaka mmoja wa kungoja ni bei ndogo kuliko banda lililojengwa mahali ambapo maji yalishapadai.